Filamu Bora Kuliko Zote, kwa Kura ya Sumbawanga

Sheria ya kwanza ya muvi, anayoijua kila mtoto wa mtaa wetu wa Katandala, hapa Sumbawanga, ni kwamba steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, kutupwa mtoni, kufungwa kamba na kuning'inizwa juu ya mamba, lakini dakika za mwisho lazima ainuke. Sheria ya pili ni kwamba ubishi wa muvi ipi ni kali kuliko zote hauna mwisho, na anayejidai kuumaliza anawaharibia wenzake starehe. Nimekulia ndani ya ubishi huo. Ndiyo maana nilipoanza kusoma orodha za wenzetu wa mbali, zile za filamu mia bora duniani, sikuona sababu ya kuzinyenyekea. Niliona ni kijiwe kingine kimesema la kwake, na sasa ni zamu yetu kujibu.

Orodha inayoheshimiwa zaidi ni ya Sight and Sound, jarida la Uingereza. Tangu 1952, kila baada ya miaka 10, jarida hilo huwaomba wahakiki wataje filamu wanazoziona bora, kisha hujumlisha kura. Mwaka ule wa kwanza ilishinda Bicycle Thieves ya Mwitaliano Vittorio De Sica. Kuanzia 1962 Citizen Kane ya Orson Welles ikakalia kiti, na haikubanduka hadi kura ya 2012, ilipong'olewa na Vertigo ya Alfred Hitchcock. Kura ya 2022 ilipigwa na watu zaidi ya 1,600, na mshindi akawa Jeanne Dielman, filamu ya mwaka 1975 ya Chantal Akerman wa Ubelgiji: saa 3 na dakika 21 za mama mjane anayepika, anayefua, anayetandika kitanda. Katika hizo mia moja, nchi za kusini mwa Sahara zilipata mbili, zote za Senegal: Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty na La Noire de... ya Ousmane Sembène. Afrika Mashariki haimo.

Ningeweza kulalamika hapa, na malalamiko yangekuwa ya haki, lakini yameshalalamikwa na wengi na hayajafundisha mtu kitu. Kinachonishughulisha ni kitu ambacho orodha hizi hazikisemi kamwe: filamu ilitazamwa wapi, na kwa sauti ya nani. Mhakiki wa London hana haja ya kusema. Aliketi kwenye giza safi, picha kubwa, sauti ya filamu yenyewe. Sisi tulioketi kwenye mabenchi ya mbao tunayo haja ya kusema, kwa sababu nusu ya filamu tunazozipenda hazikutengenezwa Hollywood wala Hong Kong. Zilimaliziwa Dar es Salaam na mtu mmoja mwenye maikrofoni.

Banda la video kila mtu wa rika langu analijua. TV moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, deki chini yake, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie. Nje ubao wenye maandishi ya chaki: LEO, COMMANDO, IMETAFSIRIWA. Neno hilo la mwisho ndilo lililojaza mabenchi. Muvi isiyotafsiriwa iliwekwa mchana, watu wakiwa kazini. Iliyotafsiriwa iliwekwa usiku, na ukichelewa unasimama. Umeme wetu kwa miaka mingi ulivushwa kutoka Zambia, maana Gridi ya Taifa ilikuwa haijatufikia, kwa hiyo Rambo wa Sumbawanga alipigana kwa nguvu za Kenneth Kaunda, kama alivyopenda kusema mwenye banda. Ukikatika katikati ya pambano, hela hairudi. Waliokwisha kuiona muvi walikuwa wakiimalizia kwa mdomo, gizani, huku wengine wakiwasahihisha.

Kutafsiri kulikuwa hivi. Mtu mmoja anaketi na filamu, anarekodi sauti yake juu ya sauti ya waigizaji, na mkanda unaotoka hapo ndio unaosafiri kwa basi hadi mikoani. Aliyevuma kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu, na baada yake King Rich. Mtu huyo mmoja alikuwa jambazi na polisi, mchumba na mama mkwe. Hakufuata maneno ya Kiingereza neno kwa neno, na pengine mengine yalimpita, lakini alifuata nia. Alimtambulisha kila anayeingia, alimwonya steringi kwamba nyuma ya mlango kuna mtu, alimpa adui jina la utani la kimtaani, na palipokuwa na kitu kigeni alisimamisha habari akakieleza, kisha akarudi pale alipoachia bila kutetereka. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, aliichukulia kazi hiyo kwa uzito na kuiandika katika kitabu chake African Appropriations cha mwaka 2015. Hapa nyumbani waliichukulia kwa uzito wateja, basi.

Sanaa hii ina babu asiyependeza. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliendesha mradi wa sinema kutoka Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakatengeneza filamu fupi za kufundisha kulipa kodi, kuweka akiba posta na kuzuia mmomonyoko wa udongo, wakazizungusha Tanganyika na nchi jirani. Maelezo yaliwekwa kwenye santuri, ili lugha ibadilishwe kila lori lilipofika kwa watu wengine. Katika serikali za kikoloni za zama hizo ilizoeleka imani kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda mbio, kwamba lazima apewe picha moja ndefu, taratibu, na mtu wa kumweleza. Natamani wangeletwa wawatazame watoto wa Chanji wakimfuata Jackie Chan ndani ya Drunken Master, kila teke, huku wakibishana kama teke la tatu limempata adui au limempunyua. Mtafsiri hakuwapo kwa sababu hatukuelewa. Tulimtaka kwa sababu alikuwa mtamu.

Na hapa ndipo kipimo changu kinapotokea. Lufufu na wenzake walikuwa na uwezo wa kuinua muvi duni. Ukiiondoa sauti ya Kiswahili juu ya Commando, unabaki na mtu mwenye misuli, gogo begani, anayepiga risasi watu wasiojua kulenga. Yenye tafsiri ilikuwa kisa cha baba anayemtafuta mwanawe, na kina mama waliokuja kumwita mtoto nyumbani walisimama mlangoni hadi ikaisha. Heshima hiyo si ya Hollywood. Filamu ya kuingizwa kwenye orodha ni ile ambayo mtafsiri angeiacha ijisemee. Bruce Lee kwenye chumba cha vioo, mwishoni mwa Enter the Dragon, hahitaji msemaji: anavunja kioo kimoja baada ya kingine ili abaki na adui aliye wa kweli. The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys nayo inapita, ingawa ilitengenezwa Afrika Kusini chini ya ubaguzi wa rangi na ucheshi wake una sumu. Chupa ile inaanguka kutoka angani na huhitaji wa kukueleza kilichotokea. Inachekesha, na kuchekesha kwake kunaudhi.

Ipo filamu moja ambayo kwa haki ya ardhi na maji ni yetu, na ndiyo ambayo vijiwe vyetu havijawahi kuibishania. Mwaka 1951 John Huston alitoa The African Queen, kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Humphrey Bogart ni nahodha mlevi wa kijiboti kibovu, Katharine Hepburn ni mmisionari aliyemzika kaka yake, na wawili hao wanateremka mto wakiwa na mpango wa kulipua meli ya kivita ya Wajerumani inayotawala ziwa. Ni mwaka 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kisa kilichomwasha mwandishi ni vita vya Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo liko chini yetu, kama mita elfu moja ukishuka kutoka uwanda wa Ufipa hadi Kasanga. Meli ya Wajerumani iliyokuwa kubwa kuliko zote ziwani humo, Graf von Götzen, ndiyo hiyo hiyo Liemba, ambayo baba zetu walipanda kwenda Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya.

Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo, na aliistahili. Kipande anachotoka majini mwili mzima umejaa ruba, anatetemeka kwa kinyaa, kisha anatambua kwamba hana budi kurudi majini humo humo aendelee kuivuta boti, ni uigizaji ambao mbele yake mtafsiri angekaa kimya. Taasisi ya Filamu ya Marekani, AFI, iliipa nafasi ya 17 katika filamu mia bora za Marekani mwaka 1998. Ilipopiga kura tena mwaka 2007, ikaiweka ya 65. Filamu imeporomoka nafasi 48 bila kubadilishwa hata fremu moja, jambo ambalo peke yake linakutosha kujua orodha hupima nini.

Lakini tazama waliomo. Filamu inaanza kanisani, wanakijiji wanaimba wimbo wa Mzungu kwa makelele yasiyo na mpangilio ili mtazamaji wa London acheke. Askari wanakuja, kijiji kinachomwa. Kuanzia hapo Mwafrika anabaki kuwa mtu wa kufyatua risasi kutoka ngomeni. Picha za mto zilipigwa Kongo na Uganda, na sehemu kubwa ya zile za ndani ya maji zilipigwa kwenye tangi huko Uingereza. Mto wenyewe unaitwa Ulanga, na unaingia ziwani. Ulanga tunaoujua sisi unakwenda Rufiji na kumwagika Bahari ya Hindi. Dosari ya mto ningeisamehe, maana riwaya haidaiwi ramani. Siwezi kusamehe kwamba kisa cha kweli, kilichotokea mlangoni petu, ni kizuri kuliko kile kilichotungwa.

Kasanga iliitwa Bismarckburg wakati huo, na ilikuwa na ngome juu ya maji. Waingereza walikuwa wamezileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha zikakokotwa milimani kwa injini za mvuke na ng'ombe, na mwisho kwa mto na reli tena hadi ziwani. Zilifanya kazi yake: Desemba 1915 zikaiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 Mimi, ikiwa na Kingani hiyo iliyotekwa, ikaizamisha Hedwig von Wissmann. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa majigambo, mwenye michoro mwili mzima, aliyependa kuvaa sketi ya kaki. Juni 1916 alifika mbele ya Kasanga na boti zake, kazi yake ikiwa kuwazuia Wajerumani wasitoroke kwa maji wakati jeshi la Rhodesia chini ya Kanali Murray linakuja kwa nchi kavu. Akaona mizinga ya ngome imemwelekea, akasita, akageuza. Wajerumani wakatoroka kwa maji. Waingereza walipoingia ngomeni wakakuta mizinga ile ni ya mbao.

Hebu mpe kisa hicho mtunzi yeyote wa filamu wa Kinondoni, Dar es Salaam. Mpe kamanda mwenye sketi, mpe mizinga ya mbao, mpe utoro wa majini, na mpe wavuvi wa Kasanga, ambao kwa vyovyote walijua mti gani ulikatwa kuchonga mizinga hiyo. Hapo Waafrika hawawi watu wa pembeni, wao ndio wanaojua siri. Filamu hiyo haipo. Kama The African Queen ingepita mikononi mwa Lufufu, angalau yeye angewaingiza humo kwa sauti: angempa jina yule askari wa ngomeni, angemweka mezani kidogo, angemwacha aseme lake kuhusu hawa wawili wanaogombana ndani ya boti.

Nimetaja Kinondoni, nisiikwepe. Filamu zetu wenyewe, Bongo Muvi, zilifika huku zikitokea Dar kwa mabunda, na kwa muda zilimfukuza kabisa mtafsiri, maana zilijisemea kwa Kiswahili. Steven Kanumba alikuwa steringi wa kwanza wa nchi hii ambaye dada zangu walijua alikozaliwa. Alitoka Shinyanga kupitia kundi la maigizo la Kaole, akatuunganisha na Nigeria kwa Dar 2 Lagos mwaka 2006, na alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 mabanda yaliyozoea kuonyesha mpira yalionyesha msiba. Alikuwa na sura ambayo kamera inaitafuta, akinyamaza, unasubiri. Shida ni kwamba hawakumwacha anyamaze mara nyingi. Hadithi ya saa moja ilikuwa ikikatwa katikati ili iuzwe sehemu ya kwanza na ya pili. Gari linafika, honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mlango unafunguliwa, mtu anashuka, anatembea hadi barazani, na yote hayo tunayatazama kwa utulivu kama vile geti ndilo lenye mgogoro. Muziki unapiga juu ya maneno. Jina la Kiingereza, maandishi ya Kiingereza chini ambayo Mwingereza hawezi kuyasoma.

Naandika hivyo nikiwa mpenzi wa filamu hizo. Nitakayemtetea bila masharti ni mchekeshaji King Majuto. Amri Athuman, marehemu tangu Agosti 2018, alikuwa na kipaji cha kuchelewa: anaulizwa swali, anageuka polepole, anamtazama muulizaji, na kabla hajajibu banda zima limeshacheka. Filamu alizopewa nyingi zilikuwa chini yake sana. Orodha za filamu bora hazina mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo, kwa kuwa hana filamu moja ya kuitaja. Ana dakika tano hapa, dakika tatu pale, zimetawanyika kwenye diski ambazo zimekwisha kukwaruzika.

Kuna deni jingine ambalo Bongo Muvi wanadaiwa na watu wa huku. Katika filamu na vichekesho vyetu Sumbawanga si mji, ni tishio la uchawi. Mwanamke aliyeachwa anasema atakwenda Sumbawanga, na muziki unabadilika. Mganga anatokea Sumbawanga. Radi inatokea Sumbawanga. Nimezitazama nyingi za namna hiyo na sijaona hata moja iliyoleta kamera. Wangeileta wangekuta asubuhi zenye ukungu kwenye milima ya Mbizi, watu wamevaa makoti mazito mwezi wa Juni, malori ya mahindi yanayopanga foleni, na huko vijijini mabaki ya matanuru ya udongo, marefu kupita mtu, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma bila mivukuto, kwa upepo uliojivuta wenyewe. Mtu anayetaka moto na siri kwenye filamu yake, moto na siri ndivyo hivyo. Lami ya kutoka Tunduma ipo. Hawana kisingizio cha barabara.

Sasa nirudi kwa yule mjane wa Ubelgiji aliyepewa kiti cha kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Filamu ya saa 3 na ushee, mwanamke anamenya viazi, wahakiki wanapiga magoti: ilinukia majivuno. Niliiweka jioni moja nyumbani, nikiwa nimeipata kwenye flashi, na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Matai alikuwa amekaa pale anachambua maharage.

"Shangazi, hii haina ugomvi wala nyimbo," nilimwambia. "Nikuwekee tamthilia?"

"Acha tu, mwanangu. Nimwone anapika nini."

Filamu inazungumzwa Kifaransa, na kidogo sana. Hakuna aliyetafsiri. Shangazi alimtazama Delphine Seyrig akiweka maji jikoni, akipanga vijiko, akizima taa kila anapotoka chumbani, akakubali kwa kichwa: mtu wa mpango. Wanaume wanaokuja mchana na kuacha hela aliwaelewa mara moja na hakusema neno. Kisha inafika siku ya pili. Mama anakwenda jikoni na kukuta viazi vimepita kiasi. Anaibeba sufuria, anatoka nayo, anazunguka nayo nyumbani kama hajui pa kuitua, anarudi. Hakuna muziki, kamera haisogei, sura yake haibadiliki. Shangazi akaweka ungo chini.

"Huyu ana jambo," alisema. "Mwanamke wa mpango namna hii haachi viazi viungue hivi hivi."

Wahakiki wameandika kurasa na kurasa kuhusu viazi vile. Ndipo filamu inapopinda. Tangu hapo kila kitu kinaharibika kidogo kidogo, kitufe kisichofungwa, brashi inayoanguka, hadi kwenye mkasi. (Filamu ni ya 1975, sidhani namharibia mtu.) Shangazi alisinzia kabla ya mwisho. Asubuhi aliniuliza ilikuwaje, nikamweleza kwamba alimchoma mmoja wa wale wanaume. Akasema alijua, akaniuliza kama kuni zimeletwa.

Sikutegemea orodha ya London na shangazi yangu wa Matai wakutane mahali pamoja, na bado sidhani kwamba walipiga kura kwa sababu moja. Lakini filamu ilipita kwenye kipimo changu waziwazi. Haikumwachia mtafsiri nafasi hata ya kukohoa.

Basi nitoe ya kwangu. Nafasi ya kwanza naipa Bicycle Thieves. Watu wa 1952 walipatia, na wamekuwa wakikosea tangu hapo. Baba anapata kazi inayotaka baiskeli, baiskeli inaibiwa siku ya kwanza, anaitafuta mjini Roma na mwanawe mdogo akimfuata. Katika mji wetu, ambao baiskeli imebeba mkaa, mahindi, mgonjwa na abiria, hakuna haja ya kumweleza mtu kilichoibiwa ni nini. Pale baba anapoitazama baiskeli ya mtu mwingine iliyoegeshwa peke yake, banda zima lingejua anachowaza, na nusu lingemsihi asifanye. Jeanne Dielman ya pili, kwa kura ya shangazi. Touki Bouki ya tatu: vijana wawili wa Dakar, pikipiki yenye pembe za ng'ombe, na ndoto ya Ufaransa, ni filamu ya mwaka 1973 na bado ina ujeuri kuliko nyingi za juzi. Citizen Kane naiheshimu kama ninavyomheshimu mkuu wa wilaya: nasimama anapopita, kisha naendelea na shughuli zangu.

Ya nne ni Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012, na hii naipandisha kwa upendeleo nisiouficha. Mwas, kijana wa kijijini, anauza DVD za mapigano kwa kuziigiza mbele ya wateja: anarusha mateke, anatoa milio ya bunduki kwa mdomo, anakuwa steringi na adui kwa pamoja. Filamu imefungua mlango kwa kumweka mbele yule msimuliaji wa mtaani ambaye orodha zote zimemsahau. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyofika tamasha la Toronto mwaka 2021, naiweka karibu yake. Usiku wa Zanzibar haujawahi kupigwa picha vizuri namna ile, ingawa riwaya ya Adam Shafi ina kicheko ambacho filamu imekiacha nyumbani. The African Queen haimo kwenye orodha yangu. Bogart yumo, ruba wamo, sisi hatumo.

Pangua upendavyo, ubishi ndio starehe yenyewe. Ila kuna kitu ambacho tukibishana bila hicho tutakuwa tunabishania hewa. Filamu za De Sica na Hitchcock zimehifadhiwa, zimesafishwa, utazipata kesho na keshokutwa. Commando ya Kiswahili, kwa ile sauti, iko kwenye mkanda mmoja ndani ya sanduku la mtu Laela, Namanyere au Mazwi, na masika ya huku yanaingiza ukungu kwenye kanda kila mwaka. Ukiwa nao, usiutupe na usimpe mtoto auchezee. Tafuta deki inayofanya kazi na fundi wa kuuhamishia kwenye flashi, kisha uandike juu ya kasha kwa kalamu isiyofutika: jina la muvi, aliyetafsiri, banda lililoionyesha na mwaka.